Kuna harufu naisikia: namna ya kumwambia mwenzako kazini bila kumvunja

Jumatatu moja asubuhi, miaka mingi iliyopita, kijana wa masjala aliingia ofisini akakuta vitu vitatu mezani kwake: kipande cha sabuni ya kuogea, kichupa cha kupaka kwapani, na karatasi iliyokunjwa mara mbili. Tulikuwa watu wanane katika chumba kile. Sote tuliinamia mafaili kana kwamba tuna kazi ya kumaliza kabla ya saa tatu. Alisoma karatasi, akaikunja tena, akaitia mfukoni. Sabuni na kichupa akavisukuma ndani ya droo. Mchana hakwenda kula na wenzake. Wiki ya pili akaomba ruhusa, na mwezi haukuisha akawa ameacha kazi.

Karatasi ile sikuiandika mimi. Lakini Ijumaa iliyotangulia niliwasikia wakichangishana fedha za sabuni, na nilijua itakwenda kuwekwa wapi. Nilinyamaza. Baadaye tukaja kujua kwamba kijana yule alikuwa na mashati mawili tu, mshahara wake wa kwanza ulikuwa haujatoka, na nyumba aliyopanga haikuwa na bomba. Maji yalinunuliwa kwa dumu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amemuuliza anaishi wapi.

Makala haya nayaandika kwa sababu ya kimya changu cha Ijumaa ile. Jambo lenyewe halikosekani popote watu wanapofanya kazi pamoja: ofisini, kwenye chumba cha walimu, gereji, jikoni hotelini, kwenye kibanda cha mlinzi. Mwenzako ananuka kwapa, au mdomo, au miguu. Wengi tunazijua njia mbili tu. Ya kwanza ni kumsema pembeni huku mbele yake tunacheka naye. Ya pili ni kumkomoa hadharani ili aone aibu na ajirekebishe. Zote mbili ni ukatili, na zote mbili hazitibu. Iko njia ya tatu, na nimeiona ikifanya kazi.

Kinyozi hajinyoi

Jambo la kwanza la kukubali ni kwamba mwenye harufu mara nyingi hana habari nayo. Huo si uzembe, ni maumbile. Pua ikikaa na harufu ileile kwa muda, ubongo huacha kuihesabu. Ndiyo maana anayekaa jirani na kiwanda cha ngozi hula chakula chake vizuri, na mgeni anayefika hapo hushika pua. Harufu ya mwili wako umekaa nayo tangu ubalehe, basi pua yako imekwisha kuizoea. Wahenga waliposema kinyozi hajinyoi walijua kwamba kuna mahali mtu hawezi kujihudumia mwenyewe, lazima apatikane mwenzake.

Jasho lenyewe, linapotoka kwenye ngozi, halina harufu ya kusema. Mwili wa binadamu una tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4, na nyingi kati ya hizo hutoa maji na chumvi ili kuupoza mwili. Ziko tezi za aina nyingine, kwapani na sehemu za siri, ambazo huanza kazi mtu anapobalehe. Hizi hutoa jasho zito lenye mafuta na protini. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi hulila jasho hilo na kuacha mabaki yenye harufu kali. Harufu tunayoiita kikwapa, kwa hiyo, ni kazi ya bakteria. Watu wanaooga mara sawa kwa siku, kwa sabuni ileile, wanaweza wakatofautiana kabisa jioni, kwa sababu bakteria wao si sawa na tezi zao si sawa.

Nguo nayo ina sehemu yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwafanyisha watu 26 mazoezi makali ya baiskeli kwa saa moja, kisha wakazihifadhi fulana zao kwa saa 28 kabla ya kuwapa watu wengine wazinuse. Fulana za polista zilinuka kuliko za pamba, kwa sababu kuna bakteria wanaostawi vizuri zaidi kwenye polista. Sasa tazama sare tunazowavalisha wafanyakazi wetu: mlinzi, mhudumu wa hoteli, kondakta, mfanyakazi wa benki. Nyingi ni za polista kwa sababu ni za bei nafuu na hazikunjamani. Tunamvalisha mtu kitambaa kinachotunza harufu, tunamsimamisha kwenye jua la Dar es Salaam la Januari, kisha tunashangaa jioni.

Kuna pia suala la maji. Oktoba 2022 DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ilitangaza mgawo wa maji jijini baada ya Mto Ruvu kupungua, na waliokuwa hawajawahi kupanga foleni ya ndoo waliijua mwezi ule. Kwa familia nyingi za pembezoni mwa miji yetu, mwezi ule haukuwa na tofauti kubwa na mingine. Dumu la lita 20 likishapika, likaosha vyombo na kunywesha watoto, linalobaki la kuoga ni kopo mbili. Mtu huyo akitoka saa kumi na moja alfajiri, akasimama kwa saa moja na nusu kwenye daladala iliyojaa, atafika kazini akiwa na jasho la safari nzima. Ukimwambia "oga," unamwambia afanye alichokwisha kufanya.

Sabuni haitibu kila harufu

Wapo wanaonuka ilhali ni wasafi kuliko sisi. Hao ndio wanaoumizwa zaidi na zawadi ya sabuni, na kwa ajili yao peke yao inatupasa tuwe na adabu.

Harufu ya mdomo, mara nyingi, hutoka mdomoni kwenyewe: jino lililooza, fizi zenye ugonjwa, ulimi usiosuguliwa, mabaki ya chakula yaliyonasa kwenye matundu ya mafindofindo. Mtu anaweza kupiga mswaki mara tatu kwa siku na tatizo likabaki kwenye gego la mwisho ambako mswaki haufiki. Nyingine hutoka mbali zaidi. Figo zikishindwa kazi, pumzi inaweza kuwa na harufu inayokaribia mkojo. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeharibika vibaya anaweza kutoa pumzi yenye harufu ya tunda lililoiva sana, na hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali. Kuna pia hali ya kurithi ambayo mwili unashindwa kuvunjavunja kemikali inayotokana na vyakula kama samaki, mayai na maharage, basi jasho na pumzi ya mtu vikawa na shombo. Kiswahili kina neno lake tayari, shombo, ila tumelizoea kwa wauza samaki. Mwenye hali hiyo anaweza kuoga mara nne kwa siku na shombo isiondoke.

Halafu kuna fistula ya uzazi. Mwanamke anapata uchungu wa muda mrefu, hafikishwi hospitali kwa wakati, anajifungua akiwa na tundu linalovujisha mkojo au kinyesi bila yeye kuweza kuvizuia. Wengi wamefichwa vyumba vya nyuma, wameachwa na waume, wameacha biashara zao sokoni kwa sababu wateja walikuwa wakiondoka kimyakimya. Ugonjwa huu unatibika kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wanawake wengi bila kuwatoza, na mwaka 2009 ilianza utaratibu wa kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wake waliosambaa mikoani, ili mgonjwa asiye na fedha ya basi afike. Nauli ile ilisaidia sana, lakini kabla ya nauli ilibidi atokee mtu amkaribie mwanamke yule, aone anachokificha, asishike pua, amwambie: mama, hili lina tiba. Bila sentensi hiyo hakuna basi ambalo lingempakia.

Ndiyo maana nasema kumwambia mtu ni huduma. Sisi tunaonyamaza kwa kisingizio cha heshima, mara nyingine tunamnyima mwenzetu habari ambayo ingemfikisha kwa daktari. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini hili lina ugumu wake: mwenye maradhi hajui kwamba anayo. Wanaojua ni wale wanaokaa naye meza moja.

Zamani palikuwa na mtu wa kusema

Ugumu tunaouona leo ofisini una sababu yake katika maisha yetu. Jamii zetu hazikuliacha jambo hili lielee hewani. Zilimteua mtu wa kulisema. Pwani, msichana akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake. Somo ndiye aliyemfundisha kujitunza: namna ya kujisafisha wakati wa hedhi, liwa na jinsi ya kuisugua, udi na jinsi ya kufukiza nguo juu ya chetezo. Somo ndiye aliyeruhusiwa kumwambia binti, hata baadaye akiwa mke wa mtu, neno ambalo mama yake mzazi angeona haya kulitamka. Wavulana nao waliyapata ya kwao jandoni, kwa kungwi. Shabu, lile jiwe jeupe ambalo bibi zetu walijipaka kwapani, ni chumvi yenye alumini, na chumvi za alumini ndizo zilizomo hata leo katika dawa nyingi za kiwandani za kuzuia jasho. Elimu ilikuwepo, na mwalimu alikuwa anajulikana.

Kulikuwa pia na utani. Wanyamwezi na Wazaramo walikuwa watani tangu enzi za misafara ya biashara iliyopita Uzaramo kuelekea pwani, na mtani alikuwa na ruhusa ya kukuambia usoni kile ambacho ndugu yako angekizungusha kwa siku tatu. Ulikasirika ukijua kwamba huruhusiwi kukasirika. Utani ulilifungia neno chungu ndani ya kicheko, na kesho yake mtani huyohuyo alikuwa wa kwanza kufika msibani kwako.

Ofisi haina somo wala mtani. Inatukusanya wageni kumi kutoka mikoa kumi, wenye dini na rika tofauti, inatupa kiyoyozi kimoja na madirisha yaliyofungwa, na haimteui mtu wa kusema. Basi kila mmoja anamsubiri mwenzake. Katika kusubiri huko minong'ono inazaliwa, kutoka kwenye minong'ono linazaliwa jina la utani, na siku moja asubuhi sabuni inakutwa mezani.

Ipo pia sababu inayofanya neno hili liume kuliko mengine, nayo ni historia. Mwaka 1912 msichana mmoja wa Cincinnati, Marekani, Edna Murphey, alipeleka kwenye maonyesho ya Atlantic City dawa ya kuzuia jasho ambayo baba yake daktari aliitengeneza ili mikono isilowe wakati wa upasuaji. Aliiita Odorono. Wanawake wengi waliona hawaihitaji. Mwaka 1919 kampuni ikatoa tangazo jaridani lililowatia wanawake hofu kwamba huenda wananuka bila kujua, na kwamba watu wao wa karibu hawatawaambia. Wasomaji wapatao 200 waliacha kununua jarida lile kwa hasira. Mauzo ya dawa, hata hivyo, yalipanda kwa zaidi ya asilimia 100 katika mwaka mmoja. Wafanyabiashara wakawa wamejifunza kwamba hofu ya kunong'onwa inauzika.

Sabuni za kiwandani zilipofika Afrika wakati wa ukoloni zilikuja na hofu hiyo, na juu yake zikaongezewa tusi. Mwanahistoria Timothy Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu Zimbabwe, ameonyesha jinsi mafundisho na matangazo ya usafi yalivyokwenda sambamba na dharau ya mkoloni kwa mwili wa Mwafrika. Mtu mweusi aliambiwa kwamba ni mchafu kwa kuzaliwa, na usafi ni kitu cha kununua. Jeraha hilo halijapona. Unapomwambia mwenzako "unanuka," anakusikia wewe, na nyuma yako anawasikia wengine wengi waliowahi kulitumia neno hilo kumshusha mtu utu. Anayetaka kusema vizuri hana budi kulikumbuka hilo, hasa akiwa ni bosi, na zaidi akiwa ni mgeni katika nchi ya watu.

Jioni niliyomsindikiza mtu kituoni

Kwamba inawezekana kumwambia mtu na asivunjike, nalijua kwa sababu niliambiwa mimi.

Ilikuwa miaka miwili baada ya kisa cha sabuni, katika ofisi nyingine. Mhasibu wetu alikuwa mama wa makamo ambaye sote tulimwamkia shikamoo. Jioni moja alifunga droo zake, akaniambia, "Mwanangu, nisindikize mpaka kituoni." Tukatoka. Tulipolipita duka la kona, na watu wamepungua njiani, akasema bila kugeuza shingo:

"Nina jambo dogo, na nikishalisema sitalirudia. Tukiongea kwa karibu, kuna harufu naisikia ya kinywa. Si ya leo tu. Mimi iliwahi kunipata, kumbe lilikuwa jino. Nenda wakakuangalie."

Nikasema, "Sawa, mama." Sauti yangu haikutoka vizuri. Yeye akaniuliza kama nimeshapata chumba karibu na kazini, tukazungumza habari za kodi mpaka gari lake likaja.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka kila mtu niliyewahi kumsogelea kumnong'oneza jambo. Asubuhi hasira ilikuwa imepungua, na Jumamosi nikaenda kwa daktari wa meno. Gego la nyuma lilikuwa limeoza kwa chini na fizi imetunga usaha. Likang'olewa. Yule mama hakuniuliza kama nimekwenda. Kwa muda wote tuliofanya kazi pamoja, hata kwa kutazama, hakunikumbusha kwamba alipata kuniambia.

Nimelirudia tendo lake mara nyingi kichwani, kama fundi anayefungua saa aone inavyokwenda.

Kwanza, alisubiri. Harufu ya siku moja haina haja ya kikao: mtu kanyeshewa, umeme umekatika hakupiga pasi, kala kitunguu kibichi mchana. Yeye alisema alipoona wiki zinapita. Aliijua pia tofauti ya harufu na mazoea ya mtu. Udi wa dada wa Kizanzibari, mafuta ya nazi kichwani, dagaa kwenye chombo cha chakula cha mchana, hivyo ni vitu vya mtu na kwao. Havihitaji kusahihishwa kwa sababu wewe hukuvizoea.

Pili, alikuja peke yake. Hakusema "watu wanalalamika." Ukimwambia mtu kwamba watu wanasema, umemjulisha kwamba ameshavuliwa nguo mbele ya kadamnasi na yeye ndiye wa mwisho kuona. Atatumia usiku wake kuwahesabu waliomsema badala ya kufikiria tiba. Hata kama ofisi nzima imekutuma, beba neno hilo kama lako: mimi nimesikia. Na kama wamekutuma, warudie uwaambie limekwisha, waache kulitaja.

Tatu, alichagua njia na saa. Jioni, ili nisikae siku nzima na uso umeniwaka. Kwa kutembea ubavu kwa ubavu, ili nisilazimike kutazamwa. Hakunifungia chumbani tukatazamana kama kwenye usaili.

Nne, na hili ndilo kubwa, aliijua lugha yake. Kiswahili kina kitenzi kikali, kunuka, na pacha wake mpole, kunukia. Vokali moja tu ndiyo iliyosimama kati ya tusi na sifa. Ukisema "unanuka," umemfanya mtu mzima kuwa ndiye harufu. Lakini Kiswahili kinaturuhusu pia kuisikia harufu, kama tunavyosikia sauti. "Kuna harufu naisikia." Katika sentensi hiyo harufu iko kando, imetengwa na mtu, na inaweza kuondoka akabaki yeye. Maneno mawili matatu ya namna hiyo yanatosha. Anayezungusha maneno kwa robo saa, akianza na sifa za kazi nzuri na hali ya hewa, humtia mwenzake hofu kwamba anafukuzwa kazi.

Tano, hakutafuta chanzo. Hakuniuliza kama napiga mswaki. Alinipa mlango mmoja wa kupitia, jino, tena alianza kuupita yeye. Kumwambia mtu "na mimi yalinipata" kunamwondoa mtuhumiwa kizimbani. Usiliseme kama si kweli, ukilitunga litajulikana. Kama halijakupata, sema tu kwamba wapo madaktari wanaoshughulikia hayo, na uishie hapo.

Mwisho, alinyamaza. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona kila kitu, hufunika anachokiona kwa shuka wakati anaosha, na akitoka chumbani hatamki. Nadhani hiyo ndiyo amana anayoichukua kila anayemwambia mwenzake habari za mwili wake. Kama hujiamini kwamba utaweza kulizika neno hilo, usilianze. Ukilipeleka kwenye kundi la WhatsApp la ofisi umemwaga mchele kwenye kuku wengi, na hautaokoteka.

Pale mkubwa wa kazi anapohusika

Si kila ofisi ina mama mhasibu. Pasipo mtu wa karibu, kazi hii inakuwa ya msimamizi, naye ana masharti ya ziada. Mwanamume asimwite mwanamke chumbani kumweleza habari za mwili wake. Amtafute mwanamke mwenye busara wa cheo kinacholingana amsemee. Asitoe tangazo la jumla ukutani la kuwakumbusha wafanyakazi wote usafi. Tangazo la aina hiyo huwatia wasiwasi wale wanaooga mara mbili, na mlengwa hulisoma akadhani linawahusu wengine.

Na kabla ya kumwita mtu yeyote, aitazame kwanza nyumba yake. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awawekee wafanyakazi mahali pa kunawa na kujisafisha. Mlinzi wa zamu ya saa 12 aliyepewa sare moja ataifua saa ngapi, ikauke lini? Mwongezee ya pili, na viatu jozi mbili vya kupishana, maana nyayo ni kati ya sehemu zenye tezi nyingi za jasho kuliko zote mwilini na buti lisilopumzika halikauki. Mpishi anayetoka kwenye moshi kwenda kuhudumia wageni apewe bafu na dakika kumi. Mfanyakazi mpya ambaye mshahara wake umekwama asaidiwe kabla hajahukumiwa. Mara nyingi harufu ya mtu mmoja inatokana na bajeti ya taasisi nzima.

Jambo likiendelea baada ya hayo, msimamizi amwelekeze kwa daktari kwa faragha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kumwachisha mtu kazi bila sababu halali na utaratibu wa haki, na mtu mgonjwa hatibiwi kwa barua ya onyo. Mwajiri anayemkomoa mfanyakazi mpaka akimbie mwenyewe hajakwepa dhambi hiyo. Amemtumia sabuni tu badala ya barua.

Ukiwa wewe ndiye uliyeambiwa

Huenda kesho ikawa zamu yako, kwa kuwa hakuna aliyeandikiwa kinga. Utakaposikia maneno hayo, mwili utawaka. Jibu dogo linatosha: "Ahsante kwa kuniambia." Usiulize nani mwingine anajua. Usijitetee kwamba umeoga. Anayekuambia hajasema hujaoga. Mtu aliyeweza kuondoka akakuacha usemwe, akaamua kuubeba uzito wa kukuambia, ana upendo ambao wanaokuchekea hawana.

Kisha anza na yaliyo karibu. Jikaushe vizuri baada ya kuoga, maana bakteria hupenda unyevu. Shati la polista ligeuze ndani nje unapolifua na ulianike juani mpaka likauke kabisa. Sugua ulimi pamoja na meno. Shabu bado inauzwa sokoni kwa bei ndogo. Na kama harufu imekuja ghafla, au haiondoki pamoja na jitihada zote, nenda hospitali bila kuona haya. Madaktari wanaipokea kama wanavyopokea homa.

Kijana wa masjala sikumwona tena. Kama angepata mtu mmoja wa kumsindikiza kituoni Ijumaa ile, huenda angebaki. Mtu huyo ningeweza kuwa mimi, na deni hilo ninalo hadi leo. Nimejaribu kulilipa kwa wengine, mara chache, kwa maneno niliyofundishwa njiani jioni ile, na baada ya kuyasema nimeyazika.

Mama mhasibu alipostaafu tulimfanyia sherehe ndogo ofisini. Watu walisimama mmoja mmoja kumshukuru, na nikaona baadhi yao wakimshika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida bila kusema kwa nini. Nilipompelekea kiti nilimwinamia nikamuuliza, kwa sauti ya chini, ni wangapi katika ofisi ile amewahi kutoka nao kwenda kituoni.

Alinitazama, mtu aliyehesabu kila senti ya taasisi ile kwa miaka mingi na vitabu vyake havikuwahi kupishana.

"Hiyo," akasema, "sikuwahi kuiandika."